Neno "Utatu" halimo kwenye Biblia. Je, nimewafundisha watoto uongo?

"Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha shule ya Jumapili hapa Tukuyu, watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akifanya kazi Tunduma, amerudi nyumbani na imani nyingine. Anasema neno Utatu halimo kwenye Biblia, lilitungwa na mfalme Konstantino kule Nikea, na Yesu mwenyewe alikiri kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye. Akanifungulia 1 Yohana 5 kwenye Biblia yangu mwenyewe, nikaona maneno ya Baba, Neno na Roho yamewekwa kwenye mabano. Nilikosa la kujibu. Wiki iliyofuata rafiki yangu niliyeimba naye kwaya, ambaye sasa anasali kwingine huko Uyole, akaniambia ubatizo wangu haufai kwa sababu sikubatizwa kwa jina la Yesu peke yake, na kwamba Yesu ndiye Baba na ndiye Roho. Jumapili iliyopita mtoto mmoja akaniuliza: Mwalimu, moja jumlisha moja jumlisha moja si tatu? Nikamwambia tutajibu wiki ijayo. Sasa mdogo wangu haitikii Amina mama akiombea chakula, na mama analia. Nimekuwa nikiwafundisha watoto uongo?"

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu wangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale uliposema mama analia. Nitafika hapo. Kwanza nikujibu lile la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi: hapana, hujawafundisha watoto uongo. Huenda umewafundisha kweli kwa hoja dhaifu, kama nilivyofanya mimi kwa miaka mingi. Akija mtu aliyesoma akaisukuma hoja ile, inaanguka, nawe unadhani iliyoanguka ni kweli yenyewe.

Kabla ya yote, tazama jambo ambalo nadhani uchungu ulikuzuia kuliona. Mdogo wako na rafiki yako hawasemi kitu kimoja. Mdogo wako anasema Yesu si Mungu, ni kiumbe aliye juu ya viumbe wengine. Rafiki yako anasema Yesu ni Mungu kiasi kwamba Baba na Roho ni majina yake mengine tu. Ukiwaketisha kwenye benchi moja watabishana wao kwa wao kabla hawajakugeukia wewe. Mmoja ameshika kwamba Mwana si Baba, akaachia kwamba Mwana ni Mungu. Mwingine ameshika kwamba Mwana ni Mungu, akaachia kwamba Mwana si Baba. Na kila mmoja ana mistari yake, na mistari hiyo imo kweli. Fundisho la Utatu lilitokana na watu waliokataa kuitupa mistari ya upande wowote. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayoandika yatakaa mahali pake.

Twende kwenye mabano, kwa sababu hapo mdogo wako yuko sahihi na inafaa umwambie hivyo kwa kinywa chako. Maneno "mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja" hayamo katika nakala za kale za Kigiriki za waraka ule. Yalienea kwa njia ya nakala za Kilatini. Mwanazuoni Erasmus alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na tena mwaka 1519, hakuyaweka, kwa kuwa hakuyakuta kwenye nakala za Kigiriki alizozitumia. Alilaumiwa sana, na katika toleo la 1522 akayaingiza, baada ya kupatikana nakala moja iliyokuwa nayo. Kutoka matoleo ya namna hiyo yakapita hadi kwenye tafsiri nyingi za zamani. Waliotuandalia Biblia yetu ya Union waliyafunga kwenye mabano kwa uaminifu, ili wewe msomaji wa Tukuyu ujue kwamba yana shaka. Kwa hiyo usiyafundishe kama ushahidi. Ila mwulize mdogo wako swali moja la haki. Mababa wa Kanisa walioandika Kigiriki katika karne ya 4, waliobishana juu ya jambo hili hili mchana na usiku, hawakuutumia mstari huo hata pale ambapo ungewamalizia kesi. Hawakuwa nao. Walisimama juu ya nini basi?

Hali kadhalika usiegemee sana Mwanzo 1:26, "Na tufanye mtu kwa mfano wetu." Mkristo akishamjua Kristo anaweza kuusoma mstari huo kwa furaha, lakini Myahudi ameusoma kwa karne nyingi bila kuona watatu ndani yake, na kwa peke yake haulazimishi.

Kuhusu neno lenyewe, ni kweli halimo. Lakini jina la kitu mara nyingi huja baada ya kitu. Mlima Rungwe ulikuwa umesimama pale zamani kabla hajatokea mtu wa kuiita sehemu yetu Nyanda za Juu Kusini. Ukiniambia hakuna mzee wa kale aliyetamka maneno hayo nitakubali, na mlima utabaki pale pale. Swali la kuuliza ni kama kitu kinachotajwa kwa neno hilo kimo katika Maandiko au hakimo.

Nikea nayo inahitaji kusimuliwa vizuri, maana ndipo watu wengi wanapotishwa. Ni kweli Konstantino, mfalme wa Roma, aliitisha mkutano ule wa maaskofu mwaka 325, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Kilichowaleta maaskofu ni mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria huko Misri, aliyesema kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako. Mkutano ukajibu kwamba Mwana amezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba. Hawakuwa wakianzisha ibada mpya. Yapata mwaka 112, gavana wa Kirumi Plinio alimwandikia mfalme Trajano kwamba Wakristo wa jimbo lake walikusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo wimbo kama kwa mungu. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertuliano wa Karthago, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, alikuwa tayari akitumia neno la Kilatini lililotupa "Utatu". Konstantino hakuwa amezaliwa.

Na kama mfalme ndiye aliyelitunga fundisho hili, basi nyumba yake ilipigana nalo kwa nguvu za ajabu. Miaka michache baada ya Nikea yeye mwenyewe alilegea, akamrudisha Ario kutoka uhamishoni. Alipobatizwa akiwa karibu kufa, mwaka 337, aliyembatiza ni Eusebio wa Nikomedia, askofu aliyekuwa mtetezi wa Ario. Mwanawe Konstansio aliwaunga mkono waliopinga Nikea. Atanasi wa Aleksandria, aliyeshika ungamo lile, alifukuzwa kutoka mji wake mara tano. Haikutulia mpaka mkutano wa Konstantinopoli mwaka 381. Ungamo la Nikea lilidumu dhidi ya wafalme, na wa kwanza kati yao alikuwa huyo huyo anayesemwa kuwa mtunzi.

Sasa Maandiko yenyewe. Tuanzie walipoanzia mitume, yaani kwa Mungu mmoja. "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Hiyo ni Kumbukumbu la Torati 6:4, na Myahudi mcha Mungu aliikiri kila siku. Petro, Yohana na Paulo walinyonya maneno hayo pamoja na maziwa ya mama zao. Watu wa namna hiyo hawaongezi miungu kirahisi. Angekuja mtu kuwaambia miungu ni watatu wangerarua mavazi yao, kama Paulo na Barnaba walivyorarua kule Listra walipoitwa miungu.

Halafu soma alichoandika Paulo huyo huyo kwa Wakorintho, katika miaka ya 50, yapata miaka 270 kabla ya Nikea. Katika 1 Wakorintho 8:6 anasema kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba, ambaye vitu vyote vimetokana naye. Yuko na Bwana mmoja Yesu Kristo, ambaye kwake vitu vyote vimekuwapo. Weka mstari huo kando ya Kumbukumbu la Torati 6:4 na uangalie maneno: Bwana, Mungu, mmoja. Paulo amelichukua ungamo la Israeli, akamweka Yesu ndani yake. Hakumweka pembeni kama wa pili baada ya Mungu mmoja. Na katika Warumi 10:13 anachukua neno la nabii Yoeli juu ya kuliitia jina la BWANA, lile jina linaloandikwa kwa herufi kubwa katika Agano la Kale letu, akalitumia kwa Yesu. Katika Wafilipi 2 anachukua la Isaya 45, ambapo BWANA anaapa kwamba mbele yake kila goti litapigwa, akasema litapigwa kwa jina la Yesu. Kama mdogo wako ana jibu, aanzie hapa. Mistari ya namna hii ndiyo iliyonishika mimi nilipokuwa na mashaka yangu, kwa sababu inatoka kwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuiogopa.

Uzuri wa Biblia ya Kiswahili unaonekana katika Yohana 10:30. "Mimi na Baba tu umoja." Kigiriki kina namna moja ya kusema "mmoja" kwa mtu, na namna nyingine ya kusema "moja" kwa kitu. Yohana ameandika hii ya pili. Watafsiri wetu wangeweza kuandika "tu mmoja", tukadhani Yesu na Baba ni mtu yule yule. Wakaandika "umoja". Na hiyo "tu" inamaanisha "sisi ni". Rafiki yako wa Uyole aiangalie hiyo "tu", kwa kuwa anayesema sisi hasemi habari za nafsi moja tu.

Mdogo wako naye atasema: huo ni umoja wa nia, kama Yesu alivyowaombea wanafunzi wawe na umoja katika Yohana 17. Mkubalie kwamba neno lenyewe linaweza kuwa na maana hiyo. Kisha rudini pamoja mistari miwili nyuma. Yesu anasema hakuna mtu atakayewapokonya kondoo katika mkono wake, halafu anasema hakuna awezaye kuwapokonya katika mkono wa Baba, ndipo anasema tu umoja. Mkono unaolinda ni wa uweza uleule. Na waliomsikia waliokota mawe, wakaeleza sababu wenyewe: wewe uliye mwanadamu wajifanya mwenyewe u Mungu. Watu hawapigwi mawe kwa kusema wana nia moja na Mungu.

Hapa ndipo tunafika kwa mwanafunzi wako wa hesabu, na nakuomba umheshimu mtoto huyo maana swali lake ni zuri. Moja jumlisha moja jumlisha moja ni tatu. Lakini moja ya nini? Lugha yetu haikuachi uhesabu vitu bila kujua ni vitu gani: mtu mmoja, kiti kimoja, embe moja. Hata namba yenyewe inabadilika umbo kulifuata jina. Imani ya Kanisa haikusema Miungu watatu ni Mungu mmoja. Haikusema Nafsi tatu ni Nafsi moja. Hayo yangekuwa maneno yanayojipinga, na mtoto angekuwa na haki ya kuyakataa. Tunachokiri ni kwamba Mungu ni mmoja, na Nafsi ni tatu. Majina yanayohesabiwa ni mawili tofauti. Je, hilo linaeleza Mungu alivyo ndani yake? La. Linaonyesha tu kwamba si upuuzi wa hesabu, na kwa mtoto wa miaka kumi hatua hiyo inatosha.

Neno nafsi linatutatiza kidogo, kwa kuwa mtaani tunasema "nafsi yangu inanisuta", tukiwa na maana ya moyo wa ndani wa mtu. Ukisikia nafsi tatu unapata picha ya watu watatu wenye mioyo mitatu wameketi barazani. Mimi huwarudisha watu kwenye somo la sarufi la shule ya msingi: nafsi ya kwanza ni anayesema, ya pili ni anayeambiwa, ya tatu ni anayetajwa. Sasa chukua penseli ufungue Yohana 14. "Nami nitamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi mwingine." Yuko anayeomba, yuko anayeombwa, yuko "mwingine" anayetolewa. Nenda Yohana 17, upige mstari chini ya kila "mimi" na kila "wewe". "Unitukuze mimi pamoja nawe, kwa utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako." Kabla ya ulimwengu palikuwa na mimi na wewe, na mstari wa 24 unasema palikuwa na upendo kati yao. Hapo rafiki yako anapata shida kubwa. Kama Yesu ndiye Baba, basi Gethsemane alikuwa anamwambia nani "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe"? Sarufi haimalizi siri ya Mungu. Hata Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale aliyeandika vitabu kumi na vitano juu ya Utatu, alikiri kwamba tunasema "nafsi tatu" ili tusikae kimya kabisa, si kwa sababu neno hilo linamtosha Mungu.

Nadhani mdogo wako ataleta pia kwamba Roho ni nguvu tu. Soma naye Matendo 5, ambapo Anania anaambiwa amemwambia uongo Roho Mtakatifu, na mstari unaofuata unasema amemwambia uongo Mungu. Halafu Waefeso 4:30, msimhuzunishe Roho Mtakatifu. Umeme hauhuzuniki ukiudanganya.

Turudi kwa "Baba ni mkuu kuliko mimi", Yohana 14:28. Usiufiche mstari huu wala usipite haraka juu yake, kwa sababu ni neno la Bwana mwenyewe. Anayesema ni yule ambaye Wafilipi 2 inasema alikuwa yuna namna ya Mungu, akatwaa namna ya mtumwa. Anasema akiwa njiani kwenda msalabani, akiwa na mwili unaochoka na kulia. Katika hali hiyo ya kujishusha Baba ni mkuu kuliko yeye, na ndiyo maana anawaambia wanafunzi wafurahi kwa kuwa anakwenda kwa Baba. Marko 13:32 nayo, kwamba Mwana haijui siku ile, husomwa kwa njia hiyo hiyo, na sitakuambia kwamba mstari huo ni mwepesi. Angalia tu mpangilio wake: wanadamu, malaika, Mwana, Baba. Hata anapokiri kutojua, Mwana amewekwa juu ya malaika.

Liko jambo jingine ndani ya neno Mwana. Kwetu mtoto humwamkia baba, hukaa chini ya baba, hutumwa na baba, lakini hakuna mtu Rungwe nzima atakayesema kwa sababu hiyo mtoto si mtu. Mtoto wa mtu ni mtu. Fundi akichonga kiti, kiti si fundi; fundi akizaa mtoto, mtoto ana ubinadamu wote wa fundi. Ndiyo sababu Nikea ilishika neno "amezaliwa" na kukataa neno "ameumbwa". Mfano unafika mwisho haraka, kwa kuwa kwetu baba hutangulia kwa miaka, na kwa Mungu hakuna miaka ya kutangulia. Akikuletea Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote", mfungulie Zaburi ya 89, ambapo Mungu anasema atamfanya Daudi kuwa mzaliwa wa kwanza. Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese. Cheo hicho ni cha urithi na ukuu, na mstari unaofuata katika Wakolosai unasema vitu vyote viliumbwa katika yeye.

Unaweza pia kuonyeshwa tafsiri inayosema katika Yohana 1:1 kwamba Neno alikuwa "mungu" kwa herufi ndogo. Nakala za kale za Kigiriki ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa hiyo herufi ndogo ni uamuzi wa mtafsiri. Hoja yao ni kwamba neno Mungu pale halina kibainishi mbele yake, yaani kile kineno kidogo cha Kigiriki kinachofanya kazi kama "the" ya Kiingereza. Lakini katika sura hiyo hiyo, mstari wa 6, Yohana Mbatizaji ametumwa kutoka kwa Mungu, na pale pia kibainishi hakipo. Hakuna anayeandika hapo kwamba alitumwa na mungu mdogo.

Sasa ubatizo wako. Usikimbilie kubatizwa tena, nakusihi. Ni kweli Matendo 2:38 na mahali pengine inasemwa "kwa jina la Yesu Kristo". Soma Matendo 19:1-5 uone kazi ya maneno hayo: Paulo anakutana na watu waliobatizwa kwa ubatizo wa Yohana, ndipo wanabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Maneno yanatofautisha ubatizo wa nani. Upo mwongozo wa kale uitwao Didake, wa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Sura ya 7 inaagiza kubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Sura ya 9 inasema wasile ekaristi ila "waliobatizwa kwa jina la Bwana". Ni kitabu kile kile, na ubatizo ni ule ule. Wakristo wa mwanzo hawakuona ugomvi mahali anapouona rafiki yako. Na kumbuka Mathayo 28:19 ni amri ya Yesu mwenyewe. Anayebatiza hivyo anamtii Yesu.

Niseme neno juu ya mifano, maana najua walimu wa shule ya Jumapili tunavyoitafuta. Nilipokuwa nafundisha kipaimara katika mtaa mmoja karibu na Kitulo, nilipenda mfano wa maji. Kule mwezi wa Julai watoto huamka wakakuta umande umeganda kwenye majani, wanaijua barafu bila kuiona kwenye friji. Nikawaambia: maji, barafu, mvuke, kitu kimoja hali tatu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mchungaji, Yesu alipobatizwa, ile barafu ilikuwa inaongea na mvuke?" Alikuwa na haki. Mfano wangu ulikuwa unafundisha kile kile anachokuambia rafiki yako wa Uyole, kwamba yupo mmoja anayebadilisha sura. Mtu mmoja aitwaye Sabelio alikumbukwa kwa fundisho hilo katika karne ya 3, na Kanisa likalikataa. Tangu siku ile sijautumia.

Mafiga matatu nayo hayafai. Ukiondoa figa moja sufuria inamwagika, ndiyo, lakini kila figa ni jiwe kamili kivyake, na unapata miungu mitatu inayosaidiana kazi. Yai ni baya zaidi: ganda si yai, ute si yai, kiini si yai, kila kimoja ni sehemu tu. Tertuliano alitumia chemchemi, mto na mfereji, na kwa watu waliokulia kandokando ya Kiwira mfano huo una ladha: maji yale yale yanatoka, yanatiririka, yanafika shambani, na chemchemi si mto. Hata hivyo chemchemi haimpendi mto. Kama lazima utumie mfano, tumia huo, useme wazi unapoishia. Mimi ningeacha mifano yote nikawape watoto ubatizo wa Yesu, Mathayo 3. Wachore Mwana majini, Roho akishuka kama hua, na sauti ya Baba wasiyoweza kuichora. Waulize: nani anasema? Anamtaja nani? Nani anashuka? Watakuwa wameushika Utatu kabla hujatamka neno hilo.

Sasa nyumbani. Usibishane mezani. Chakula cha mama si mahali pa mdahalo, na mdogo wako akinyamaza wakati wa Amina, mwacheni anyamaze. Huenda kwa dhamiri yake anaona akiitikia atakuwa anasema uongo, na kijana anayeogopa kumdanganya Mungu bado anaweza kuongea nawe. Mwambie mama hivyo kwa upole. Kisha mwombe mdogo wako saa moja kwa juma, ninyi wawili, Biblia mbili, bila vijitabu vya upande wake wala vyangu. Someni Yohana 14 hadi 17. Anza kwa kumwambia alikuwa sahihi juu ya mabano. Huwezi kujua mlango huo utafungua nini.

Lakini yako mambo ambayo hayatatuliwi kwa maandishi yangu. Ukisikia ameambiwa akate undugu na ninyi, amwache mkewe, auze shamba la familia kwa ajili ya kundi, au azuie mtoto mgonjwa asipelekwe hospitali, usingoje kumaliza Yohana. Nenda kwa mchungaji wako na wazee wa usharika siku hiyo hiyo, na kwa mtoto mgonjwa nenda hospitali kwanza. Wewe pia nenda kwa mchungaji wako hata kama hali haijafika huko. Mwombe aketi nawe na maswali haya, ana kwa ana, na mwombe akufungulie kitabu cha ubatizo uone jina lako lilivyoandikwa. Mwalimu anayebeba mashaka peke yake huchoka, na darasa huona.

Na Jumapili hii usimkwepe yule mtoto. Mwulize "moja ya nini?", mpe muda wa kufikiri, halafu mpe Mathayo 28:19 asome kwa sauti mbele ya wenzake, na wote waangalie kama Yesu alisema "kwa jina" au "kwa majina".